Shikamoo na Kamba ya Helmeti

Mwenyekiti, ahsante kwa kunisimamisha. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, poleni na jua la leo. Niliambiwa kikundi chetu cha manusura wa ajali kina watu kumi na tano tu, nikasema hao nitawaweza. Sasa naona watu mpaka kwenye mabenchi ya kwaya. Basi, Mungu wetu sote, kila mtu na jinsi anavyomwita, anipe pumzi nimalize. Nikilia mnivumilie. Tangu nianguke, machozi yangu hayabishi hodi.

Kwa wasionijua, mimi ni afisa mifugo. Naishi hapa Makole na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Kazi yangu iko vijiji vya upande wa Haneti, huko nilikozaliwa. Nachanja ng'ombe, mbuzi na kuku, na usafiri wangu ni pikipiki. Najua wapo ambao wakisikia mwanamke ameanguka na pikipiki huguna kidogo, kama vile walikuwa wanaingoja habari hiyo. Guneni tu. Kuendesha nilijua. Kilichoniangusha ni kitu kingine.

Nianze na nywele. Siku nilipokwenda kununua helmeti yangu ya kwanza, nilikuwa nimesuka rasta nene, zimenigharimu siku nzima ya kukaa chini. Sikutaka zibonyee. Kwa hiyo nilimuuliza muuzaji maswali mawili tu: ipo nyekundu, na ipo ya kuenea juu ya rasta? Ilikuwepo. Nyekundu, inang'aa, kioo cheusi. Nikatoka dukani najiona malkia. Baada ya miezi miwili nikafumua rasta, helmeti ikawa inazunguka kichwani kama sufuria la shughuli juu ya figa dogo. Nikachana kipande cha kitenge, nikakikunja, nikakishindilia ndani. Mnacheka. Chekeni, ila naona dada zangu wawili hapo nyuma wameinama.

Hilo la kwanza. La pili ni kubwa zaidi, na nawaomba wazee mnisikilize bila kukasirika.

Mnajua kule kwetu. Mtu mzima akiwa amekaa mbele ya nyumba yake akakuona unakuja, anakungoja. Salamu yako ni haki yake. Ukipita na kichwa kimefunikwa chote, macho hayaonekani, mdomo hauonekani, jua halijazama habari imeshafika kila kaya: yule binti wa chanjo siku hizi anajiona. Na nani atamtolea mifugo mtu asiyesalimia? Wiki zangu za kwanza kazini mzee mmoja alinirudisha na sindano zangu. Akaniambia, "Mtu asiye na uso hashiki mbuzi wangu."

Sasa ningefanyaje? Nikisimama kwa kila mzee, barafu kwenye boksi la chanjo inayeyuka na dawa inaharibika. Nikabuni njia. Kamba ya helmeti sikuifunga tena. Nikimwona mzee kwa mbali, naachia mkono wa kushoto, nasukuma helmeti juu mpaka kwenye paji, uso unatokea, nasema shikamoo, halafu naiachia inashuka. Pikipiki haijasimama hata kidogo. Kwa kuwa ilikuwa kubwa, ilipanda na kushuka bila shida. Ndugu zangu, nawaambia, nilisifiwa. Walisema, mwoneni yule, amesoma na adabu anayo. Nami nikavimba kichwa, kichwa chenyewe kikiwa hakina ulinzi.

Asubuhi ile nilikuwa nakaribia korongo, pale njia inaposhuka kwenye mchanga. Ng'ambo yake kuna nyumba ya bibi mmoja mjane. Kila nikipita, bibi huyo yuko nje, anachambua mboga au ameketi tu. Nikamwona. Mkono wangu ukapanda wenyewe, kama ulivyozoea. Nikasema shikamoo. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga mzito, na mimi nimeshika usukani kwa mkono mmoja.

Marahaba yake sikuisikia. Waliokuja kunibeba walinieleza kwamba helmeti ilikwenda njia yake, ikagonga mawe, ikasimama kwenye ua wa miiba, kichwa changu kikaenda kwenye jiwe.

Ya hospitali siyasimulii, wengi wenu mnayajua. Nawasimulia ya nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko nilikokufa. Nilirudi nikiwa sijui jina la binti yangu. Najua kwamba ni wangu, najua harufu yake, najua alizaliwa mvua zikinyesha, lakini jina halipo. Nikawa namwita "wewe". Siku moja alitoka shule, akachana karatasi ya daftari, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akalibana kwenye gauni kwa pini. Akasema, "Mama, usihangaike, soma tu." Nikajaribu kusoma. Herufi zikacheza. Nikashindwa.

Na hasira, ndugu zangu. Kichwa kiliuma mpaka sauti ya kijiko kwenye sahani ilikuwa kama nyundo. Nilitupa kikombe ukutani, mtoto akiwa karibu yake. Hakikumpata. Lakini kuanzia siku ile binti yangu alijifunza kufungua na kufunga mlango bila mlio. Mtoto wa miaka saba anatembea nyumbani kwao kama mwizi, na anayemwogopa ni mama yake. Niambieni, hapo mtu anaomba nini kwa Mungu? Mimi niliomba anichukue. Nasema wazi, kwa sababu huenda humu yupo aliyeomba hivyo asubuhi ya leo, na simlaumu.

Jina lilirudi, taratibu, kama kuku wa kienyeji anavyorudi bandani kwa wakati wake. Kusoma kukarudi. Woga haukuondoka. Kazini walinivumilia, wakampeleka mwenzangu vijiji vyangu kwa muda. Mume wangu, ambaye ni mlinzi kwenye moja ya ofisi za serikali kule Mtumba, aliokota ile helmeti nyekundu, akaiziba ufa kwa gundi, akaipiga rangi kidogo, akaitundika kwenye msumari. Alifanya kwa upendo. Siku nilipoivaa, masikio yalipozibika tu, nilisikia tena mchanga, nikasikia jiwe. Nikatapika hapo hapo sebuleni. Nikamwambia auze pikipiki, mimi nimekwisha. Alipangusa sakafu, akaenda kazini.

Siku nne zilizofuata sikutoka kitandani. Sikula. Sikuoga. Binti yangu akaacha kuniuliza nimeamkaje.

Siku ya tano, saa sita mchana, mtu akabisha hodi. Nikanyamaza aondoke. Hakuondoka. Nikafungua, nikamkuta yule bibi wa korongoni. Alipanda basi kutoka Haneti peke yake, mtu ambaye hakuwa amefika mjini miaka mingi, akawa anauliza duka kwa duka, yule binti wa mifugo aliyeanguka anakaa wapi. Mkononi ana kifurushi cha karanga. Nilimvutia kiti, akakikataa, akakaa chini.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Akasema, "Mjukuu wangu, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndiye niliyekuangusha."

"Bibi, ni mchanga."

"Kijijini wanasema ni salamu yangu. Nami naona ni kweli. Sikai nje tena. Nikisikia pikipiki naingia ndani, nafunga mlango. Naogopa mwingine naye atainua kofia, atakufa mbele yangu."

Nilikaa chini pembeni yake. Muda wote ule nilidhani ni mimi peke yangu niliyefungiwa ndani. Kumbe kule ng'ambo ya korongo, mwanamke mzee naye amejifungia, joto lote lile, kwa sababu ya adabu yangu ya maonyesho. Nikamweleza kwamba nilikuwa nainua helmeti ili aone uso wangu, asidhani naringa.

Bibi akanitazama sana. Halafu akakasirika, na nawaambia alikasirika kweli.

"Nani alikwambia nataka uso? Mlio wa pikipiki yako naujua tangu iko mbali. Mimi nilikuwa naitikia kabla hujafika. Marahaba yangu ilikuwa tayari, wewe unahangaika na kofia."

Nililia, na safari hii nililia nikiwa na njaa. Tulikula zile karanga mpaka zikaisha. Binti yangu aliporudi alitukuta hivyo, akasimama mlangoni asijue aingie au la. Bibi akamwambia, "Ingia, mama yako kesho ananunua kofia." Hakuniuliza mimi.

Bibi akalala kwetu, na kesho yake tukaenda naye mjini, kwenye duka la vipuri la mama mmoja mnene mwenye sauti. Nilimpa ile helmeti ya gundi aione. Akachomoa sponji, akanionyesha gamba jeupe la ndani limepasuka. "Hii iligonga mara moja, kazi yake imekwisha," akasema. "Rangi haifufui." Akaikata kamba kwa kisu ili asije mtu akaiokota na kuivaa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unaendesha wapi?" Nikamwambia lami, halafu vumbi, halafu mchanga, na jua la usoni.

Bibi alitaka ile ya uso wazi, ndogo kama kibuyu kilichokatwa. Mama wa duka akamuuliza, "Bibi, meno ya mjukuu wako unayataka?" Bibi akairudisha mwenyewe kwenye shelfu.

Akanipa moja inayobana. Nikaivaa, giza likaja, jiwe likaja, nikaivua na kukimbilia nje. Nikakaa kwenye ngazi ya duka, watu wanapita. Nikamwambia bibi twende nyumbani. Hakunishika, hakuniombea. Alikaa tu kwenye ngazi ile, kanga yake imegusa kanga yangu, mpaka nikainuka. Mara ya pili nikakimbia tena. Mara ya tatu bibi akasimama mbele yangu, akasema, "Hesabu ng'ombe." Nikafumba macho ndani ya helmeti, nikahesabu ng'ombe wa baba yangu, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Nilipofika kwa yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, niligundua kwamba napumua.

Mama wa duka akanifundisha, nami nawapa bure. Mashavu yabanwe mpaka uongee kama unakula. Kidole kisipite kwenye paji. Ukitikisa kichwa, helmeti iende na ngozi, isibaki nyuma. Funga kamba, halafu mtu aivute kwa nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si yako, hata kama ni nzuri namna gani. Kaa nayo kichwani muda wa kusonga ugali, uone panapouma. Kuhusu nywele akaniambia nisuke ule mtindo wa twende kilioni, zilale chini. Nikamwambia, "Dada, kilioni ndiko ninakokukimbia." Alicheka mpaka akashika kaunta.

Tuliyochukua ni nyeupe, haina urembo. Ina kipande cha mbele cha kukinga jua, na sehemu ya kidevu inafunuka kwenda juu huku kamba imefungwa. Akanionya: "Hapa unafunua ukiwa umesimama na injini umezima. Ukiwa unatembea, funga mdomo wako."

Ilichukua wiki nyingi za kuzunguka uwanjani hapa Makole kabla sijakanyaga ile njia tena. Siku ya kwanza kwenda Haneti nilisimama mara tatu kutapika. Nisiwadanganye. Nilipoliona korongo, mikono ililowa mpaka glavu zikateleza. Na bibi alikuwa nje. Ametoa kigoda chake, amekaa palepale. Mkono wangu wa kushoto ukataka kupanda, ndugu zangu, ukataka kweli. Nikaubana kwenye usukani. Nikapiga honi moja. Nikaona midomo yake inatikisika. Nikaingia mchangani kwa mikono miwili, nikatoka upande wa pili.

Nilipita.

Sijapona sawasawa. Kichwa bado huuma, na maneno mengine hunikimbia, hata leo nimeyakosa mawili mbele yenu. Lakini binti yangu siku hizi anabamiza mlango akirudi shule, na sauti ile nikiisikia namshukuru Mungu.

Namshukuru mume wangu aliyepangusa sakafu bila neno, na pikipiki hakuiuza. Nawashukuru walionibeba siku ile, sikuwaona nyuso. Nawashukuru majirani waliompikia mtoto wangu, na mama wa duka, na kikundi hiki. Bibi hayupo hapa, lakini mnajua nilichonacho moyoni juu yake.

Vijana, fungeni kamba. Dada zangu, chagueni helmeti ya kichwa, msichague ya nywele. Nanyi wazee wangu, nawaomba kwa magoti. Mkimwona mtoto wenu anapita na pikipiki, kichwa kimefunikwa, hajasema kitu, msimhesabie kiburi. Mwitikieni tu marahaba. Shikamoo yake imo humo ndani, na akifika salama atawapa yote.