Betri ya Bi Zabibu

Kijiwe chetu kiko Jules Street, Malvern, mbele ya saluni ya Marcelline. Kahawa naipika mimi kwa mkaa, kwa hiyo umeme ukikatika vikombe havikauki. Mwezi wa tatu 2019 ulikuwa unakatika karibu kila siku, na alasiri ile ulipitiliza muda tuliotangaziwa. Watu walikuwa wakali.

Bakiri wa Tanga, fundi friji tunayemwita Injinia, alisema serikali ijenge vinu vya nyuklia, kile kimoja cha kule Cape hakitoshi. Akatutolea mfano wa Ufaransa, inavyotegemea nyuklia na taa zake zinawaka. Kila tulipombishia aliongeza vinu, mpaka Soweto peke yake akaipa viwili.

Gaël, fundi cherehani kutoka Likasi kwenye migodi, aliweka kikombe chini. Baba yake alichimba urani, madini ya kuendeshea vinu hivyo.

— Baba alikufaka na kukohoa, alisema. Ile kitu unasifia ilitoka chini ya udongo wetu. Na kwetu nyumbani umeme haukufikaka.

— Na mama yangu yuko hapo ghorofani anapumulia mashine ya betri, Bakiri akajibu. Mzazi wako ameshakufa. Wangu bado.

Gaël akasimama. Nikaweka birika chini, nikaingia katikati yao.

Clémentine, msusi mgeni pale saluni, alikuwa ametoka mlangoni na kitana mkononi. Akauliza betri ya mama imebaki kiasi gani.

Bakiri hakujua.

Akapanda ngazi mbio, Gaël nyuma yake. Walimkuta Bi Zabibu kitandani, midomo imebadilika rangi, mashine imezima. Gaël ndiye aliyemweka mgongoni akamshusha mpaka kwenye bakkie yangu, pikapu ninayobebea mkaa. Robot zote za kuongozea magari Jules Street zilikuwa hazina taa, kila njia panda tukawa tunapenya kwa honi, na nyuma namsikia Bakiri anamwita mama yake kwa jina.

Hospitali ilikuwa na jenereta. Walimvalisha barakoa ya oksijeni, rangi ikarudi polepole. Bakiri alimshika Gaël mkono, na Gaël hakuuvuta.

Baadaye Bi Zabibu akafumbua macho.

— Mlikuwa mkigombania nini kule chini?

— Umeme, maman, Gaël akasema.

— Umerudi?

Hatukuwa tumeuliza. Nikatoa simu nimpigie Marcelline wa saluni.