Urea, Nyuzi za Mgomba na Mwalimu Fabiano

Mgeni rasmi, mkuu wa maabara kutoka Gitega, pamoja na walimu na wazazi wetu: karibuni Mwakiro. Vumbi mlilokuja nalo ni la kwetu, mtuachie.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tulizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania. Huko Mwalimu Fabiano alitufundisha chini ya turubai lililovuja. Hakuwa na picha ya DNA, basi alisokota nyuzi mbili za mgomba, akasema, "Kila mmoja wenu yuko hivi ndani." Kambi tunaikumbuka kwa uchungu, lakini somo lile tunalitamani mpaka leo. Amani iliporudi, alifungasha nyuzi zake akarudi nasi.

TULICHOJIFUNZA
Nyuzi za DNA hushikana kwa besi, yaani vipande vidogo vya kemikali vinavyotazamana, na besi hizo hupangana kama sahani kabatini. Urea, ile mbolea ya dukani, ikiwa nyingi majini hujipenyeza, hushikana na besi na kuzilegeza, hata nyuzi zikaachana kwa joto dogo kuliko kawaida. Lakini hazikatiki. Urea ikiondolewa, hurudiana. Akifika hapo, Mwalimu hutugeuzia mgongo, akafuta ubao ambao hauna kitu.

KILICHOTUSUMBUA
Kosa ni letu. Tulitangaza nyumbani kwamba urea inafungua nyuzi za uzazi, wazazi wakaacha kuitia shambani. Mama Kadidja alimkamata Mwalimu sokoni: "Mwalimu, we unasema urea iko inaharibu ukoo, sasa mi mahindi nitayalisha nini?" Maskini, alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza kwamba shambani huwekwa kidogo tu, na vijidudu vya udongo huivunja upesi. Mahindi yalishageuka njano. Wazazi, mtusamehe.

OMBI
Umeme tunauhitaji, na darubini pia. Lakini Mwalimu anastaafu mwezi ujao, na jambo alilolifundisha maisha yake yote hajawahi kuliona. Tunaambiwa maabara yenu ina mashine ya mwanga inayoonyesha nyuzi zikiachana, kisha zikirudiana. Tunaomba mwondoke naye leo. Nafasi garini ikiwa moja, ni yake, sisi tutabaki.

Yeye mwenyewe ndiyo kwanza anayasikia haya. Mwalimu, tafadhali, usikatae mbele ya mgeni.

Mungu awafikishe Gitega salama, ninyi na mtakayeondoka naye.

Ni sisi wanawe,
Klabu ya Sayansi, Mwakiro
Msomaji: Kasilda