Chumba Namba Nne na Daktari Aliyeridhika Kuliko Wote

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, anastaafu daktari wetu wa watoto, tunayemwita Babu Pole kwa sababu humpa mtoto pole kabla ya sindano, si baada. Uongozi umeniomba niandike mazuri matupu. Nitajitahidi.

Alianzia chumba namba nne na anamalizia humo humo. Katikati alitoroka mara moja. Hospitali binafsi ya ng'ambo ya barabara ilimpa kiyoyozi, kiti cha kuzunguka na chai ya maziwa. Alidumu wiki tatu. Alimwambia mama mmoja kuwa mwanawe haumwi, ana usingizi tu. Wakubwa wa pale wakamweleza kwa upole kuwa mgonjwa haachiwi hivi hivi bila vipimo. Jumatatu tukamkuta kwetu, anacheka, amekalia kiti chake cha miguu mitatu.

Kiti hicho kina historia. Kila mwaka uongozi hutugawia fomu ya kupima kuridhika kwetu kazini. Sisi wengine huzijaza chapuchapu, maana saa nane mchana tunavuka barabara kwenda kuridhika zaidi. Yeye hakujaza hata moja. Alizipanga chini ya kiti, zikawa mguu wa nne. Kwa hesabu za uongozi, asiyejibu hana malalamiko, hivyo miaka kumi na moja mfululizo ametangazwa daktari aliyeridhika kuliko wote. Vyeti vya pongezi navyo vikaenda chini ya kiti.

Mwaka huu alichomoa fomu moja, kiti kikainama, akaijaza. Aliandika kwamba kazi anaipenda, ila tangu mwaka juzi anaomba mtu wa kumpokea. Je, akishaondoka, watoto themanini wa kila Jumatatu watamkuta nani? Alijibiwa kwa barua safi yenye muhuri: mchakato unaendelea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yanayoumia hapa ni ya watoto.

Aliyependekezwa kumrithi ni mimi ninayeandika haya. Nilisema nitafikiria, huku naangalia saa. Naona aibu.

Babu Pole, asante kwa kila mtoto uliyemrudisha nyumbani akitembea. Tunakuombea wajukuu wasiokohoa na kiti cha miguu minne kamili. Kile cha chumba namba nne hatujakigusa. Jumatatu saa mbili asubuhi foleni itakuwa imefika mlangoni, na kiti kitakuwa kitupu.