Aligeuka Kumtazama Nani

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limekaa kati ya duka la kinyozi na karakana ya baiskeli, na anayelikalia sharti aseme neno. Akinyamaza mno huulizwa kama anaumwa. Asubuhi hiyo birika la Kinyozi lilikuwa limejaa kahawa, jua halijawa kali, na waliokaa walikuwa watatu: Kinyozi mwenyewe, Breki, dereva mstaafu wa malori, na Profesa, ambaye hakuwahi kufundisha popote bali hutengeneza redio. Hatua nne kutoka kwao, mlangoni pake, Fundi wa baiskeli alikuwa akikaza spoki za gurudumu lililopinda, baiskeli yenyewe ameipindua juu chini. Alikuwa hajasema neno tangu afungue. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa. Walijua.

Jana jioni mtaa mzima ulibanana mbele ya televisheni ya Kinyozi kutazama fainali ya mita elfu moja na mia tano. Zilipobaki mita sitini, mwana wa Fundi alikuwa wa pili. Hapo akageuza shingo akatazama nyuma, mara moja tu, kitambo cha kupepesa jicho. Wawili wakampita. Alimaliza wa nne, medali ikaenda kwa wengine, na watu wakatoka kimya kimya kama wanaotoka msibani. Kesho alikuwa na mchujo wa mita mia nane, na redio ya asubuhi ilisema haijulikani kama atakimbia.

Kwa adabu, watu wa benchi walimsema kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine.

— Mkimbiaji yule ana kosa moja tu, alianza Breki. Haraka haraka haina baraka.

— Breki, zile ni mbio, alimkumbusha Kinyozi.

— Ndiyo maana.

Kisha akawaeleza kwa utaratibu kwamba katika miaka yake thelathini barabarani hakugeuza shingo hata siku moja, kwa sababu lori lina vioo. Mwanadamu naye angefungwa vioo viwili vidogo, kimoja kila bega, vyepesi, vya bati. Tangu mbio zianze duniani hakuna aliyelifikiria hilo, na watu wanaendelea kupoteza medali.

Kinyozi alimmiminia kahawa kwa huruma. Kwake yeye shingo haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya nywele. Kijana aliondoka mtaani na kichwa safi, akarudi kwenye televisheni na kichaka. Upepo ukiingia kwenye kichaka hautoki, hukizungusha. Aliyeshinda kichwa chake kiling'aa kama yai.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alihitimisha, akaangalia kichwa cha Breki kwa namna ya kuonya.

Fundi aliwasikia wote. Alizungusha gurudumu, akalitazama likiyumba, akakaza spoki nyingine. Nyuma yake, ndani ya droo ya nati, simu yake ilikuwa imelala tangu alfajiri. Iliita mara tatu usiku, kwa namba ndefu ya mbali, na mara zote tatu aliisimamia kichwani bila kuigusa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, maana yeye peke yake katika mtaa ule alijua shingo ile ilifundishwa na nani.

Miaka kumi mfululizo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mtoto alikuwa akikimbia mbele na yeye akimfuata kwa baiskeli. Wakifika penye tangi la maji alipiga kengele: umebaki mzunguko mmoja. Wakifika penye ukuta wa shule mtoto aligeuka kumwangalia, naye aliinua mkono: sasa, toa vyote. Mtoto hakuwahi kutoa vyote kabla ya kuuona mkono ule. Walimu wa mbio waliokuja baadaye walijaribu kumwachisha, wakadhani wamefaulu.

Benchini, Profesa alikuwa amesubiri wenzake wachoke. Aliweka kikombe chini.

— Uwanja ule una minara minne ya taa. Kwa hiyo kila mtu ana vivuli vinne. Kimoja mbele, kimoja kushoto, kimoja kulia. Cha nne kiko wapi?

Alinyoosha kidole nyuma ya bega lake.

— Aligeuka kukihesabu.

— Kivuli hakina miguu, alisema Breki.

— Ndiyo maana hakichoki.

Na si hivyo tu, aliendelea. Mbele ya wakimbiaji palikuwa na televisheni kubwa ya uwanja, na televisheni zote huchelewa kidogo. Hilo yeye kama fundi wa redio aliwaapia. Kijana alijiona mle akiwa nyuma ya pale alipo. Basi mita sitini zile alikuwa akishindana na yeye mwenyewe wa nyuma kidogo. Ukihesabu vizuri, wa tatu alikuwa yeye, na wa nne yeye. Medali ni yake, ila karatasi hazijui.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alimalizia, akainua kikombe.

Methali ile haikuhusiana na televisheni hata kidogo, lakini mkono wa Fundi ulisimama juu ya spoki.

Ndipo akaja mwenye baiskeli, muuguzi wa wodi ya watoto, mgeni mtaani, mwezi haujaisha tangu ahamie. Alisalimia, akaambiwa gurudumu bado kidogo, akasogezewa pembe ya benchi na kikombe. Kinyozi alimuuliza kama aliziona mbio.

— Niliziona, kaka, na watoto wodini. Yule aliyegeuka, alikuwa anamtafuta nani?

Kinyozi aliinamisha birika. Likatoa matone mawili na machicha. Profesa alitazama kiatu chake.

— Kwa sababu anayeogopa kupitwa hutazama begani tu, alisema muuguzi taratibu. Yule aligeuka kama wale watoto wangu, wanapotaka kujua kama aliyewaleta bado yupo mlangoni.

Profesa aliinua macho kutoka kwenye kiatu chake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Profesa alinong'ona. Ilikuwa methali ya kwanza asubuhi ile kukaa mahali pake, na mwenyewe hakujua.

Fundi alipangusa mikono. Aliirudisha baiskeli kwenye magurudumu yake, akaikokota hadi ndani, akavuta droo. Aliipigia namba ndefu; iliita mara moja tu, ikapokewa.

— Baba? Nilidhani umenikasirikia.

Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga usiku kucha, yote yalimkimbia.

— Shingo ile ni kazi yangu, mwanangu, alisema. Si kosa lako.

Upande wa pili ilitoka sauti ndogo, ya mtoto wa zamani:

— Niligeuka, sikuuona mkono.

— Kesho nenda ukakimbie. Usigeuke. Mimi nipo nyuma, nipo kila siku. Kengele utaisikia?

— Sijui, baba. Ni mbali.

Fundi aliisogeza simu karibu na usukani wa baiskeli ya muuguzi, akapiga kengele mara mbili, kwa nguvu, kama penye tangi la maji.

Simu ikacheka. Na kule nje, kwenye benchi, watu watatu waliokuwa wamekubaliana asubuhi nzima kwamba kugeuka ni kosa waligeuza shingo zao kwa pamoja, wakamwona Fundi amesimama kizani mwa karakana, mkono mmoja sikioni, mwingine ameuinua juu.