Nahashon Wafula, Fundi Bomba, na Figo ya Mama Yake

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 9 Mei 1983, Laban Simiyu alikesha nje ya zahanati huko Kimilili akingoja habari. Kulipokucha aliambiwa ni mvulana, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, jina halikutafutwa mbali: Wafula, yaani mtoto wa mvua kwa Kibukusu. Marehemu Nahashon Wafula alikuwa mtoto wa kwanza wa Laban na Loice Nafula.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1997, kisha akasomea ufundi bomba Bungoma na kuhitimu mwaka 2003. Mwaka 2006 alisafiri kwenda Doha, Qatar. Aliishi mtaa wa Industrial Area, watu wanane chumba kimoja, na kila alfajiri basi la kampuni liliwapeleka kazini, miaka ya mwisho ikiwa mji mpya wa Lusail. Aliunganisha vyoo ghorofa kwa ghorofa, lakini choo cha mafundi kilikuwa chini kabisa. Ili asishuke mara kwa mara, alizoea kunywa maji kidogo, katika jua lile.

Desemba 2009, akiwa likizoni, alifunga ndoa na Pamela Nasimiyu. Walijaliwa Marvin na Tiffany.

Mwaka 2013 miguu ilivimba hata viatu vya kazi vikamkataa. Daktari alisema ni kiu ya miaka mingi, pamoja na dawa za mgongo alizojinunulia, na kwamba figo zote mbili zimechoka. Mama yake alipanda ndege kwenda Doha, mara ya kwanza maishani, akapimwa, na figo yake ikapatana na mwanawe.

Siku mbili kabla ya upasuaji, muuguzi mmoja Mkenya, Jennifer, aliwachorea figo kwenye karatasi. Alionyesha vichujio vidogo sana, kama milioni moja, kila kimoja na kijibomba chake. Vijibomba hivyo humwaga maji katika mirija ya kukusanyia, nayo hushuka, huungana na kupanuka, mpaka kwenye ncha ambako mkojo hudondoka kuelekea kibofu. Mwili ukiwa na kiu, ubongo hutuma habari; kuta za mirija hiyo hufungua vilango vidogo, na maji hurudi kwenye damu.

"Ngoja, sista," Nahashon alisema. "Bomba linavuja njiani, na wewe unalisifu? Foreman wangu angenirudisha Kimilili kesho."

"Lisingevuja, fundi, ungekojoa kutwa nzima ukauke kama omena."

Alicheka, kisha akaishika karatasi ile kwa mikono miwili. "Mama, linajua lenyewe lini livuje na lini lizibe. Mimi miaka yote hii sijaona fundi wa hivyo."

Mama yake, aliyeishia darasa la saba, aliitazama karatasi. Kitu hicho alikuwa amekibeba miaka arobaini na minane, akilima, akichota maji, na hata siku moja hakuwahi kukishukuru.

Upasuaji ulifanyika tarehe 15 Aprili 2014. Kabla hawajamaliza kushona, figo ilianza kutoa mkojo. Mama aliporudi nyumbani alipiga simu kila asubuhi: "Baba, umekojoa?" Collins, mwenzake wa chumbani, alikuwa akiinyakua simu. "Amekojoa, mama, amejaza jerikani! Na sisi wengine, mbona hutuulizi?"

Figo hiyo ilimpa miaka mitatu na nusu. Dawa zilizouzuia mwili kuikataa zilipunguza pia kinga yake, na Oktoba 2017 nimonia ilimpata. Mama yake alirudi Doha. Mchana wa Jumanne, tarehe 24, wengine anaowaacha walikuwa Kimilili wakingoja simu: mjane wake Pamela, watoto Marvin na Tiffany, baba yake Laban, ndugu yake Douglas na dada yake Olivia. Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi alikuwa mama yake peke yake, macho kwenye mlango.

Saa nane na dakika ishirini mlango ulifunguliwa, Jennifer akatoka. "Mama, mapafu yameshindwa. Figo haikushindwa. Ilifanya kazi mpaka mwisho."

Aliruhusiwa kuingia. Aliweka kiganja sehemu ya chini ya tumbo la mwanawe, upande wa kulia, pale figo yake ilipopandikizwa. Palikuwa bado na joto.

Mungu, fundi wa mirija ile, na ampumzishe Nahashon kwa amani.