Koseti ya Golikipa

Mchonga mihuri alitaka kusinzia, lakini wanawake wawili waliokaa mbele yake kwenye basi walimnyima usingizi. Hawakuwa wanajuana. Mmoja alimwona mwenzake ana futi ya kupimia shingoni, akajua huyo ni fundi wa nguo.

"Dada, niokoe," alisema, akafungua koti. Ndani alivaa koseti iliyombana kiuno kana kwamba imemkasirikia. "Nimeishona kwa fulana kuukuu ya mume wangu. Nilidhani ni tambara. Kumbe ndiyo anayovaa akidaka golini, na sasa kapiga simu nimpelekee uwanjani! Nirudishie iwe fulana kabla hatujafika."

"Mikono ya fulana iko wapi?"

"Nimeikata nikaifanya kamba za kufungia mgongoni."

Fundi akambonyeza ubavuni. "Na hivi vigumu?"

"Vijiti vya mwavuli wa mama mkwe."

Mchonga mihuri aliona kuwa mkasi mmoja umetangaza vita na ukoo mzima.

"Mwenzangu, hii hairudi. Mwambie ukweli."

"Nimwambieje? Tangu aanze kuivaa hajafungwa hata bao moja!"

"Basi aivae hivyo hivyo. Bahati iko kwenye kitambaa, haiko kwenye mshono."

"Golikipa avae koseti?"

"Kwani mpira utajua?"

Mwenye koseti akapima kiuno cha mumewe hewani kwa viganja. Basi likasimama mbele ya uwanja. Mume alikuwa kituoni, kifua wazi, mkono ameshaunyoosha apokee fulana yake.

Mkewe alishuka amefunga koti hadi shingoni. "Baba watoto," alisema kwa upole, "hebu kwanza vuta tumbo ndani."