Koti la Kuazima Lililofika Urusi

"Huyu hamalizi masika moja huko. Atarudi anakohoa."

Hayo yalisemwa kijijini kwetu Ikolo, hapa Kyela, siku ilipojulikana kwamba nimepata nafasi ya kwenda kusomea ufundi wa mitambo Urusi. Jirani mmoja, ambaye leo amekaa humu ndani na ndiye anayecheka kuliko wote, alisema mbele ya watu, "Gwe mwenzangu, ukungu wa Tukuyu tu unamtoa makamasi, ataiweza theluji?" Watu wakashika mbavu. Cheka tu, ndugu yangu. Mpunga wako unakobolewa kwenye mashine ya nani?

Ndugu zangu wanachama wa chama chetu cha kukopeshana, mimi sijui kujishusha, mnanijua. Diploma yangu imeandikwa Kirusi na nimeitundika ukutani pale mashineni. Lakini leo mmeniomba niseme nilivyoanguka, si nilivyosimama tu. Basi nitaanza na nilivyoondoka, maana niliondoka na vitu vya watu. Shangazi yangu wa Busale aliniazima mpunga wake wa mbegu, nikauuza nikapata nauli ya kufika Dar es Salaam. Shemeji yangu aliniazima viatu vyake vya harusi. Na mzee mmoja mwenye duka hapa Bondeni aliniazima koti.

Koti lenyewe lilikuwa kichekesho. Ndio kwanza serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, mitumba inaingia kwa marobota kupitia mpakani Kasumulu, na katika robota moja lilitoka koti zito kama godoro. Kyela hii, na joto hili! Lilining'inia dukani, limesimama wima mlangoni, mpaka watoto wakaliita askari. Nilipokwenda kumuaga mzee, alilishusha mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vaa hili."

"Mzee, unanipa?"

"Nikupe? Sikupi. Nakuazima. Nikikupa utakaa huko huko. Nataka koti langu, ulete mwenyewe kwa mikono yako."

Sasa mnajua malezi yetu. Kitu cha kuazima hakipiti mkono wa tatu. Ukiazima jembe kwa jirani, humwachii mtu mwingine hata kwa dakika, mpaka mwenyewe aseme. Hilo nililibeba kichwani mpaka Urusi, na ndilo lililoniponza. Ndilo pia lililoniokoa, subirini.

Baridi ya kule, ndugu zangu, sitaieleza, hamtaniamini. Baridi niliiweza. Kilichoniangusha ni giza. Unatoka darasani alasiri, jua limeshazama. Lugha siipati, watu wanatembea midomo imefungwa, hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Nikaanza kukaa bwenini. Wenzangu wanakwenda msituni kuchuma uyoga, wanakwenda kwenye nyumba za mvuke wanakochapana majani ya mti mgongoni huku wanacheka, mimi nimelala na koti la mzee juu ya blanketi. Mtihani wa kwanza wa lugha nikaanguka. Mwalimu wetu akaniita. Akasema nikianguka tena narudishwa nyumbani. Siku hiyo niliisikia sauti ya jirani yangu wa Ikolo waziwazi, kama amekaa kitandani kwangu: atarudi anakohoa.

Mwalimu yuleyule ndiye aliyetulazimisha darasa zima kwenda kwenye jumba kubwa la maonyesho, kutazama wacheza ngoma wanaosimama kwa ncha za vidole vya miguu. Tukafika. Kumbe kule ni marufuku kuingia ukumbini na koti. Kila mtu analivua, anawakabidhi kina mama walio nyuma ya meza ndefu, anapewa kibati chenye namba cha kulichukulia baadaye. Wenzangu wakavua, wakaingia. Zamu yangu ikafika. Nikagoma.

Mama wa pale, mzee wa makamo ya shangazi yangu, akanyoosha mkono. Mimi nalibana koti kifuani. Akapandisha sauti. Nikasogea pembeni. Milango ikafungwa, ngoma ikaanza ndani, nami nimesimama barazani natoka jasho, nausikia muziki kupitia mlangoni.

Alipomaliza kutundika makoti akanijia. "Wewe, mbona huvui? Unaumwa?"

Kirusi changu kilikuwa cha kuomba mkate tu. Nikamwambia, "Koti si langu. La mzee. Nyumbani."

"Mzee gani? Baba yako?"

"Hapana. Mzee wa duka. Mimi nalirudisha. Mkono wangu, mkono wake."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alilishika koti kwenye ukosi, akalipekua kwa ndani, akapiga ulimi. "Halina hata kitanzi cha kulitundikia! Mzee wako aliwezaje kukupa koti lisilo na kitanzi?" Akatoa sindano mfukoni mwa aproni yake, akakata ukanda wa aproni ileile, akaanza kushona palepale, mimi nimelishika upande wangu, yeye upande wake. Alipomaliza akasema, "Nalitundika karibu na la kwangu. Likipotea, mzee wako atanilaumu mimi, si wewe. Haya, ingia, sehemu ya pili inaanza."

Nikaingia. Ndugu zangu, niliona watu wakiruka kama hawana mifupa. Mtu wa kwanza wa Ikolo kuingia jumba lile ni mimi. Msiniulize wa pili, hajatokea.

Tangu siku ile nikawa naenda kila wiki. Kwa kawaida kule mtu mzima huitwa kwa jina lake na la baba yake pamoja, lakini mimi nilimwita Bibi, akakubali. Aliniingiza kwa mlango wa nyuma, na ngoma ikiisha ananiuliza: nani alikufa, nani alimpenda nani, kwa nini yule alilia. Nikijibu vibaya ananisahihisha mpaka basi la mwisho linakaribia kuondoka. Mwisho wa wiki ananichukua shambani kwake kuchimba viazi, na mimi nikamwonyesha jembe linavyoshikwa na Mnyakyusa. Mtihani wa pili wa lugha nilipata alama za juu kuliko wageni wote. Wote!

Kisha nchi ile ikabadilika kama yetu ilivyobadilika, ila yao ilipinduka ghafla. Posho yetu ikawa haitoshi hata mkate. Wanafunzi wakaanza kuuza nguo sokoni. Njaa ikanitoa, nami nikaenda na koti. Mwanamume mmoja akalipapasa, akasema, "Zuri. Lete." Nilikuwa nimelishika kwa kile kitanzi, kidole kimeingia ndani. Hapo ndipo niliposimama njia panda: nile, au nirudi kwa mzee mikono mitupu. Yule bwana analivuta, mimi kidole hakitoki. Akanitukana, akaenda zake.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi, nikamwambia nina njaa. Nawaambia, ndugu zangu, kwa mtu kama mimi neno hilo lilikuwa gumu kuliko Kirusi chote. Akanitazama. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Vua koti. Zunguka meza, uje huku." Jioni ile nikaanza kupokea makoti ya watu, kwa supu ya kabichi na mkate. Nilifanya hivyo mpaka nikaichukua diploma yangu.

Niliporudi sikupumzika. Nilimpelekea shangazi mpunga wake wa mbegu, uliochambuliwa vizuri kuliko ule alionipa. Akasema, "Ndaga fijo, asante sana mwanangu, nilishausahau." Mwongo, hakuusahau. Shemeji nilimnunulia viatu vipya, maana vyake viliishia kwenye theluji. Mwisho nikaja hapa Bondeni, nimelivaa koti lenyewe katika jua la mchana, watu wanatoka madukani kunishangaa.

Nikalivua, nikamkabidhi mzee mkononi. Akalipekua kwa ndani.

"Hiki kitanzi hakikuwepo."

Nikasema kwa majivuno yangu, "Mzee, hiyo ndiyo riba."

Duka zima likaangua kicheko. Mzee akatikisa kichwa. "Riba kwangu haramu." Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akakifumua kitanzi taratibu, akaniwekea kiganjani. "Sasa hatudaiani."

Nawashukuru hao watatu, na yule Bibi wa nyuma ya meza, ambaye sijui kama yu hai. Ninachowaachia ni hiki: mkopo wa kweli ni mtu kukuambia anakusubiri. Na ukiwa na njaa, sema mapema.

Kitanzi chenyewe ni hiki hapa, pitisheni mkaone. Nimekifungia funguo za mashine. Ila kirudi mkononi mwangu.